Misumari Mitatu ya Fundi Sponji

Mdogo wangu wa mwisho ni fundi wa makochi, na mtaa mzima unamwita Sponji. Jina lilimshika kwa sababu ya kazi, lakini hata kwa tabia linamkaa sawasawa. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na miaka minne aliokota miiko miwili, na tangu siku hiyo hatukuwa na sufuria isiyo na bonde. Mama aliificha miiko ndani ya pipa la unga, mtoto akahamia kwenye vijiko. Vikafichwa vijiko, akahamia kwenye meza kwa viganja. Shuleni walimhamishia dawati la nyuma kabisa ili aupigie ukuta. Kanisani alipewa ngoma ya kwaya, na kiongozi wa kwaya, mzee mpole asiyejua kugombeza, akamwambia, "Mwanangu, Bwana anasikia hata ukipiga taratibu." Mtoto akalibeba neno hilo lote kama lilivyo. Akapunguza ngoma, akapunguza sauti, akapunguza hata hatua. Siku hizi akipiga chafya anaivutia ndani mpaka macho yanamtoka pima.

Kazi alifundishwa na mjomba wetu, na karakana akairithi kwake. Iko chini ya jengo la ghorofa, unashuka ngazi sita kutoka barabarani. Dirisha lake liko juu karibu na dari, na kinachoonekana pale ni viatu vya wapita njia tu. Sponji anawajua wateja wake kwa viatu kabla hajawaona nyuso. Ndani kuna meza ndefu, springi zimening'inia ukutani, majora ya vitambaa, na sponji zimepangwa hadi juu. Nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba ni chumba cha nesi anayefanya kazi zamu ya usiku. Mchana ndio usiku wake.

Humo karakanani ndimo ilimozaliwa bendi yao ya roki. Wako watatu. Anayepiga gitaa tunamwita Waya, hutengeneza simu kwenye kibanda cha pembeni. Anayepiga besi na kuimba ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, naye tunamwita Mwalimu tu. Sponji yuko kwenye dramu. Bendi yao wakaiita Tetemeko. Nafasi ya kufanya mazoezi wanaipata Jumamosi alasiri peke yake, na hiyo ndiyo saa nesi amezama usingizini.

Basi Sponji akazivisha dramu zake nguo. Ndani alizijaza sponji, juu akatandika blanketi kuukuu, matoazi akayafunga taulo, na ncha za vijiti akazishonea vipande vya mahameli vilivyobaki kwenye kochi la mteja. Waya akapunguza gitaa mpaka zikawa zinasikika nyuzi tupu. Mwalimu akaimba kama mtu anayekutajia siri ya jirani. Wakaenda hivyo miaka tisa. Mimi nilikuwa nikiwashushia chai nadhani wamepumzika, kumbe ndipo wako kwenye kiitikio.

Mwaka huu Waya akapata kumbi tatu ndogo, kila moja mji wake: Ijumaa jioni, Jumamosi alasiri na Jumapili jioni. Walikuwa hawajawahi kupiga nje ya karakana hata siku moja. Gari hawakuwa nalo, na hapo ndipo nilipoingia mimi.

Mimi ni dereva wa gari la shule ya chekechea. Ni gari dogo la njano, ubavuni limechorwa bata saba waliofuatana, kila mmoja na mwavuli wake. Viti ni vya watu wa miaka minne. Mwalimu mkuu alinikubalia kwa masharti: pombe isiingie, sigara isiwashwe, Jumatatu alfajiri liwe limeoshwa, "na bata wangu wasikwaruzwe."

Nami nilikuwa na sharti langu. Nilimwambia Mwalimu anisomee maneno ya nyimbo zote, asiruke mstari. Akasoma kwa kichwa, mikono nyuma, kama anayefanyiwa mtihani. Kulikuwa na wimbo wa lifti iliyokwama, wimbo wa mtu aliyesahau nywila yake, na wimbo wa kusahihisha madaftari hadi macho yaume. Sikuona neno la kumuudhi Mungu wala mama wa mtu. Nikasema haya, twendeni.

Ijumaa mchana tukapakia. Waya na Mwalimu walikuwa wamevaa nyeusi tupu, buti na minyororo. Wakapita mbele ya bata, wakainama, wakaingia. Magoti ya Waya yakafika masikioni.

"Mama, hivi viti havina cha watu wazima?"

"Kuna cha dereva," nikamwambia. "Funga mkanda."

"Haunifikii!"

"Vuta pumzi."

Wifi yangu, mke wa Sponji, alikuja dirishani na kikapu cha mikate na mayai ya kuchemsha. "Wifi, umrudishe mzima. Na kama watu watamzomea, usimwache akae kimya peke yake. Anajua kukaa kimya huyu, mpaka unamwonea huruma."

"Hawatamzomea," nikamjibu, nikawaombea safari. Waya alivua kofia, akaitika amina kubwa kuliko wote.

Ukumbi wa kwanza ulikuwa nyuma ya gereji, wenye meza ya biliadi katikati na jukwaa la mbao pembeni. Watu walikuwa kama thelathini. Mimi nilikaa karibu na mlango na pamba mkononi, kwa kuwa nilikuwa nimesikia muziki huo unapasua masikio. Wakaanza. Waya alifungua gitaa lake, likanguruma vizuri tu. Mwalimu naye alikuwa na kipaza sauti. Lakini dramu sikuzisikia. Nilimwona Sponji mikono inakwenda, kichwa kinakwenda, jasho linatoka, ila sauti ni kama mtu anayekung'uta mto chumba cha pili. Alikuwa amekuja na dramu na nguo zake zote: sponji, blanketi, taulo na mahameli. Miaka tisa alikuwa hajaziona uchi, hata haikumpitia kichwani kwamba huko hakuna aliyelala.

Wimbo wa tatu ulipokwisha, mwenye ukumbi akasogea jukwaani. "Sasa ndugu zangu, mkishamaliza kujaribu vyombo mniambie nizime feni, muanze."

Walioshika fimbo za biliadi wakacheka. Mmoja akauliza, "Hilo tetemeko linakuja leo au tuondoke turudi?" Sponji akawaomba radhi kwa ishara ya mkono, akaendelea vilevile hadi mwisho. Pamba yangu niliirudisha kwenye mkoba kama nilivyoitoa.

Tukiwa njiani Waya akasema, bila ukali, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Fundi, nikufiche nini? Kuna kijana mmoja pale karibu na kibanda changu anapiga dramu kama mawe ya mvua kwenye bati. Amenifuata mara mbili. Jumapili tukitoka hivi tena, Jumamosi ijayo nitamwita."

"Waya!" Mwalimu akasema.

"Mwache, ana haki," Sponji akajibu. Akageukia dirishani, akakaa kimya. Kilikuwa ni kile kimya alichokisema wifi. Nilimtazama kwenye kioo cha juu. Mtu huyu hanywi, hachezi bao, hana shamba wala mbuzi. Ana mke wake, watoto wake, makochi ya watu, na ile Jumamosi alasiri. Ukimwondolea hiyo Jumamosi, sijui ungebaki na nani.

Kesho yake alizivua dramu zote nguo. Nilimwona nyuma ya gari anafumua mahameli kwa wembe, uso kama anayemnyoa mtoto wa mwenzie. Shoo ilikuwa kwenye mgahawa wa meza nane, saa tisa alasiri. Wakaanza, na jamani, akapiga! Mtoto mmoja mezani akaangusha kijiko. Nikasema asante Mungu. Lakini haukupita muda, kila alipopiga kubwa moja mkono wake wenyewe ukarudi nyuma, akapiga mbili ndogo kama za kuomba msamaha. Kubwa, ndogo, ndogo. Mwendo ukaanza kuchechemea. Mwalimu akamaliza ubeti, akakuta dramu bado ziko kwenye kiitikio. Wimbo wa lifti ulikwama kweli. Watu walipiga makofi ya adabu, yale ya kumpigia mtoto wa mgeni.

"Nilikuwa nasikia kama kuna mtu amelala nyuma ya ukuta," aliniambia tukipakia vyombo.

"Nyuma ya ukuta kulikuwa na jiko."

"Najua, dada. Mkono ndio haujui."

Usiku huo tulilala kwa shoga yangu mshonaji, mjini kulikokuwa na ukumbi wa tatu. Alitupa sebule yake yenye kochi la watu watatu. Sponji alikaa, akasimama, akakaa tena. Akabonyeza kwa ngumi.

"Dada mwenyeji, hili kochi lina miaka mingapi?"

"We, usilifungue!" nikamkataza. "Umekuja kupiga muziki."

"Sifungui, nauliza."

Jumapili asubuhi mimi, shoga yangu na Mwalimu tulikwenda ibadani. Waya alilala. Sponji alisema anabaki apumzishe mikono, na mimi nikamwombea kule mbele, nikamtaja kwa jina lake la ubatizo, lile ambalo hata wateja wake hawalijui. Sikuomba apige sana. Niliomba tu asitoke katika safari ile akiwa mdogo kuliko alivyoingia.

Tuliporudi tulisikia kishindo tukiwa bado getini. Ko! Ko-ko! Ko! Shoga yangu akashika kifua akidhani mlango unavunjwa. Kumbe ni sebuleni. Kochi limelazwa kifudifudi, kitambaa kimefunguliwa, na Sponji amepiga magoti na nyundo yake ya kazi mkononi. Shavu lilikuwa limemtuna. Anayewajua mafundi wa makochi anajua ni kwa nini: vimisumari vyao wanaviweka mdomoni. Fundi anakisukuma kimoja kwa ulimi hadi midomoni, nyundo yenye sumaku inakinyakua, anagonga, ulimi umeshaleta kingine. Mkono mmoja umevuta kitambaa, wa pili unagonga. Hakuna nafasi ya kufikiri wala ya kuongea.

Alikuwa akigonga bila huruma. Picha za ukutani zilikuwa zinacheza, na Waya alikuwa amesimama mlangoni na shuka, nywele zimesimama, haulizi hata aliyemwamsha. Alikuwa anasikiliza. Mguu wake ulikuwa unahesabu.

"Sponji," nikasema.

"Mm?"

"Unaamsha watu."

"Mm-mm," akatikisa kichwa, maana yake hii ni kazi, akaendelea. Hakuomba radhi. Na angeombaje, na mdomo umejaa chuma? Nikaanza kucheka peke yangu. Shoga yangu akaniuliza nina nini. Nilimsubiri Sponji ateme misumari kiganjani, kisha nikamwambia, "Mdogo wangu, kila ukipiga dramu nakuona midomo inakwenda. Huwa unasema nini?"

Akafikiri. "Nadhani huwa nasema samahani."

"Sasa leo mdomo uwe na kazi nyingine."

Alinitazama, akatazama misumari, akaelewa kabla sijamaliza. Waya yeye hakuelewa mpaka tulipofika ukumbini. Akamwona mwenzake ameketi nyuma ya dramu, anachagua vimisumari vitatu kutoka kwenye kopo, anavifuta kwa leso, anavitia mdomoni.

"Huyu anafanya nini?"

"Anavaa," nikamjibu.

"Mama, akikohoa je?"

Hilo nilikuwa nimeshalifikiria, na kwa kweli lilinitoa jasho. Kazini ameshika misumari mdomoni miaka ishirini na hajawahi kumeza hata mmoja, lakini karakanani hakuna kurukaruka. Nilikwenda mbele kabisa na chupa ya maji, nikakaa nikiomba kimya kimya, macho wazi.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Mwenye ukumbi ni mama mnene mwenye miwani, na kwenye kaunta yake kulikuwa na glasi zimepangwa kama mnara. Watu walikuwa hamsini au zaidi, na tayari wengine walikuwa wameshapiga picha gari letu kule chini. "Bendi ya bata! Bendi ya bata!" wakaita. Mwalimu akawapungia mkono kwa heshima zote, minyororo ikalia.

Kisha Sponji akapiga.

Sijui nieleze vipi. Nilimfahamu mtu yule tangu amefungwa nepi, na pigo lile nilikuwa sijalisikia tangu miiko ilipofichwa kwenye pipa la unga. Lilitoka sakafuni. Mkono haukurudi nyuma. Ulishuka, ukashuka tena, na mdomo umefumba kabisa, shavu limetuna, macho yametulia kama anavyotulia akimalizia kona ya kochi, pale ambapo ukikosea kitambaa kinafanya kunjo. Waya aligeuka kumtazama, akasahau kupiga mistari miwili. Mwalimu akapanda sauti ambayo wanafunzi wake hawaijui. Kwenye wimbo wa lifti watu waliruka wote, na kwenye kaunta glasi zikaanza kulia, tin-tin-tin, mpaka yule mama akaukumbatia mnara wake kwa mikono miwili huku akicheka.

Pamba yangu nilimpa bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu. Akaitazama, akaniuliza, "Ya nini?" Akanirudishia.

Walipiga nyimbo tisa. Watu wakataka wa kumi, na wa kumi hawakuwa nao, wakarudia wa lifti. Waliposimama kuinama, nilimkimbilia Sponji na kiganja wazi. "Tema."

Akatema. Mmoja. Wa pili.

"Wa tatu?"

Akajipapasa kwa ulimi kushoto na kulia. Akanitazama, uso umebadilika. "Dada, haupo."

"Haupo vipi! Umemeza?"

"Sijui! Sijasikia!"

Ikawa kizaazaa. Mwalimu akapiga magoti akitafuta sakafuni kwa tochi ya simu. Mwenye ukumbi akauliza kama aite gari la wagonjwa. Mimi nikamgonga mgongoni, sijui hata kwa nini. Watu wakadhani ni sehemu ya shoo, wakapiga makofi. Ghafla Waya, aliyekuwa anakuja kusaidia, akaruka kwa mguu mmoja.

"Aaah! Kitu gani hiki?"

Akakaa chini, akageuza soli ya buti lake. Wa tatu huo hapo, umekaa wima, kichwa kinang'aa. Mdomo ulimfunguka mara moja tu, Sponji alikiri baadaye, ni pale kwenye wimbo wa madaftari alipojikuta anacheka.

Waya aliuchomoa msumari, akaushika kati ya vidole, akautazama. Kisha akatoa simu. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Kijana, mzima? ... Ndiyo, ile nafasi ya dramu. Samahani, imejaa. ... Na fundi wa makochi. ... Hapana, sitanii. Makochi, ya kukalia." Akakata. Akamwekea Sponji msumari kiganjani na kumfungia vidole. "Tunza huo. Jumamosi saa tisa?"

"Jumamosi saa tisa," Sponji akasema. Halafu akanyong'onyea. "Lakini nesi."

Maana hilo lilikuwa bado lipo palepale. Mkono ulikuwa umefunguka, nao ulikuwa unarudi kwenye ukuta uleule wa mbao.

Jumatatu jioni, gari likiwa limeshaoshwa na bata wote saba wazima, alinibembeleza nimsindikize kwa nesi. Alibeba mto mpya wa kiti alioushona kwa ile mahameli. Nesi alifungua mlango akiwa anafunga vifungo vya sare yake. Sponji akaanza kueleza kwa sauti ya chini kabisa: kwamba ni jirani, kwamba anajua kazi yake ni ngumu, kwamba kama ingewezekana, Jumamosi moja moja, kwa nusu saa...

"Subiri kidogo," nesi akamkata. "Kwani ile Jumamosi huwa ni muziki?"

Tukatazamana.

"Miaka yote mimi najua mnakung'uta makochi," akasema. "Halafu kuna sauti ya mtu ananong'ona, ananong'ona tu, nami natega sikio nijue anamsengenya nani. Silali! Mtu akinong'ona utalalaje? Wodini kwangu vitanda vinagongana, watoto wanalia, na nikipewa dakika kumi za kujinyoosha nalala kama gogo. Pigeni, jamani. Pigeni nisikie neno zima, nipate usingizi."

Sponji akafungua mdomo kuomba radhi. Nilimwona kabisa. Akaufumba, akacheka, akampa mto wake.

Jumamosi nilishuka ngazi sita na birika la chai. Nilipofika ya nne ngazi zilikuwa zinatikisika. Nikaingia; juu, dirishani, viatu vilikuwa vimesimama, jozi kama kumi na mbili, na vyote vilikuwa vinapiga mguu. Nilingoja wimbo uishe, nikapita nyuma ya jengo, nikasikiliza mlangoni kwa nesi.

Alikuwa anakoroma.